Uhandisi wa umeme au ufundi: kabla hujamjazia mtoto fomu

Jumapili, jioni

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kuna swali linaloingia kila nyumba yenye kijana anayependa mambo ya umeme: aende VETA, vyuo vya ufundi stadi, au atafute njia ya uhandisi? Wengi wanaojibu hulinganisha vyeo. Mimi naona heri kulinganisha maswali ambayo kila kazi inakuuliza ukishafika saiti.

Chukua karakana ya kuchomelea vyuma, mita 60 kutoka kwenye mita ya Tanesco, mzigo wa ampea 40, fezi moja. Fundi aliyezoea nyumba za kuishi atavuta waya wa milimita za mraba 6, kwa kuwa unabeba ampea hizo bila kuungua. Ni kweli, hauungui. Lakini waya huo wa shaba hupoteza takriban volti 0.0073 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 40 kwa 60 kwa 0.0073, unapata volti 17.5. Kwenye volti 230 hiyo ni zaidi ya asilimia 7, wakati kikomo kinachotumika kwa mizigo ya namna hii ni asilimia 5. Mashine itachoma kwa kusuasua, mchomeleaji atabadilisha vijiti vya kuchomelea, kisha ataishia kuilaumu Tanesco. Ukipanda hadi waya wa 10, upotevu unashuka hadi volti 10.6 hivi, na kazi inaendelea.

Fundi makini anaiweza hesabu hiyo, majedwali yapo. Mhandisi hulipwa kwa sababu anaifanya kwa jengo zima la ghorofa kumi: transfoma ya ukubwa gani, shoti ikitokea itavuta kiloampea ngapi, breka ipi itangulie kukata ili jiko la mpangaji mmoja lisizimishe lifti. Siku zake nyingi ni kompyuta, michoro, vikao na mkandarasi, na barua. Asiyependa kukaa na karatasi asidanganyike na kofia ngumu.

Upande wa pili, wa fundi, kuna skrubu iliyolegea ya nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Ikilegea kwenye soketi, mguso unakuwa mbovu, joto linapanda, plastiki inageuka kahawia. Breka haikati, maana mkondo haujazidi kiwango chake. Ikiachia kwenye laini kuu ya fezi tatu ndiyo balaa lenyewe: mizigo ya fezi haijalingana, kwa hiyo fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kupita volti 300, friji na televisheni vikafa dakika hiyo hiyo. Kinga yake ni mkono: menya waya kwa urefu unaotosha tu, uingize wote, kaza, kisha uuvute kuona kama unatoka. Kabla ya kuomba umeme, toa balbu, chomoa vifaa vyote vya kielektroniki, pima insulesheni kwa mega, kipimo cha ubora wa insulesheni, ya volti 500. Usomaji ukiwa chini ya megaohmu 1, kuna mahali waya umechubuka ndani ya paipu au maji yameingia. Umeme ukishawashwa, bonyeza kitufe cha kujaribu cha RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Haya hayajifunzwi kwa kuyasoma tu, na wahitimu wengi wa shahada hukutana nayo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wanaitwa mabosi.

Miaka nayo ihesabiwe bila kujifariji. VETA ina ngazi tatu, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja. Uhandisi kupitia kidato cha sita ni miaka miwili ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na minne ya chuo kikuu. Na shahada haimfanyi mtu mhandisi kisheria: lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, kwa mfano miaka mitatu ya SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, ndipo aombe usajili kamili. Wanaokwama hukwama hapa, wana cheti lakini hakuna anayewasimamia.

Fundi anakwama kwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Anaweza kufunga nyumba vizuri kuliko mwenye leseni, lakini ombi la umeme linataka kuthibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Basi anamtafuta mtu wa kumthibitishia, na sehemu ya hela inakwenda huko. Halafu bei ya pointi: taa ya chumbani na taa ya ngazi inayowashwa juu na chini zote huhesabiwa pointi moja, ingawa ya pili inakula waya na muda karibu mara mbili. Asiyejadili hilo kabla ya kuanza, anafanya kazi ya bure.

Njia ninayoiona inapuuzwa ni stashahada ya miaka mitatu, pale DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha. Unaingia na kidato cha nne chenye ufaulu wa sayansi na hisabati, unashika vifaa na unafanya hesabu, na mlango wa shahada unabaki wazi. Hisabati ikiwa imegoma kabisa, VETA kwanza, leseni mara tu sifa zinapotimia, na huku akirudia mtihani wa somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu hata akifika ngazi ya tatu na kutaka kupanda, cheti cha kidato cha nne bado kitaulizwa.

Na kama hajui anapenda nini, likizo hii aende na fundi anayefunga nyumba, achimbe ukuta na avute waya. Anayeuliza kwa nini soketi zimewekewa breka ya 20 na taa ya 10 ana kichwa cha michoro. Anayechukia kuona paipu imepinda, mpeni bisibisi.