Kutoka chekeche hadi ekskaveta: nilivyokuza uchimbaji wangu wa almasi Kishapu

Nachimba almasi wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, si mbali na Maganzo. Vijana wanaokuja kuniuliza nilifikaje kwenye mitambo karibu wote huanza na bei ya ekskaveta. Mimi huwaonyesha daftari kwanza. Mashimo yangu madogo ya mwanzo niliyachimba kwa nia ya kuipima ardhi, na fedha yoyote iliyopatikana humo niliihesabu kuwa ya ziada.

Jirani yetu ni mgodi wa Mwadui, ambako mwaka 1940 John Williamson aligundua kimbalaiti, ule mwamba uliopanda na almasi kutoka chini kabisa ya ardhi. Mchimbaji mdogo hana uwezo wa mwamba ule. Sisi tunafuata changarawe. Mvua na vijito vya zama nyingi vilimomonyoa kimbalaiti, almasi zikasombwa, zikatulia mabondeni chini ya udongo wa mbuga. Ndiyo maana mali imekaa kwa mapande: shimo hili linatoa jiwe safi, la pembeni yake linatoa mchanga mtupu. Anayepata jiwe moja zuri akakimbilia kukopa mtambo, amekopea bahati.

Nilianza na leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kwa sheria yetu ni ya Mtanzania peke yake, hudumu miaka 7 na huhuishwa. Ila leseni haikupi shamba la mtu. Eneo lilikuwa la mzee mmoja mkulima wa pamba, tukaandikiana mbele ya mtendaji wa kijiji: fidia ya mazao, mgao wake, na kufukia mashimo. Alitaka jambo moja liandikwe kwa maneno yake. "Mwanangu, udongo wa juu usiuchanganye na kifusi. Ukiuchanganya, pamba haitakubali tena hapa." Tangu siku ile udongo wa juu unalundikwa peke yake, na sehemu zilizofukiwa zinalimwa.

Tulichimba kwa mistari, kila shimo na namba yake. Changarawe tulipima kwa debe la lita 20, kwa hiyo madebe 50 ni meta moja ya ujazo. Daftarini iliingia namba ya shimo, kina hadi kwenye changarawe, unene wa changarawe, idadi ya madebe, na uzito wa mawe kwa karati. Karati moja ni gramu 0.2 tu, hivyo mizani ndogo nzuri ni ya kununua mapema kuliko pampu. Mashimo yaliyotoka patupu yaliandikwa vilevile. Ukiyaruka hayo, hesabu yako yote inakuwa ya uongo.

Hesabu hiyo pia haina maana kama muoshaji anaachia mawe. Kuosha ni ufundi wa mikono: chekeche linazamishwa majini, linapandishwa na kushushwa huku likizungushwa, mawe mazito yanakusanyika chini katikati. Kisha linapinduliwa kwa mkupuo mmoja juu ya ardhi iliyosawazishwa. Lundo likikaa vizuri unaona duara jeusi katikati, ganeti nyekundu, yale mawe mazito yanayofuatana na almasi, zimo ndani yake, na hapo ndipo jicho linatafuta. Almasi ni nzito kuliko mawe meupe ya kawaida, lakini si nzito kama dhahabu, kwa hiyo mkono wenye haraka huitupa. Nilipaka rangi ya kucha vipande vya ganeti, nikavichanganya na changarawe bila kumwambia mtu. Vikiingia kumi vinatakiwa vitoke kumi. Waliovitoa vyote ndio niliowapa uoshaji wa kudumu, na malipo yao yakapanda.

Uaminifu tuliujenga kwa utaratibu. Kuchambua kunafanyika mchana, mbele ya kila aliyechimba. Jiwe linapimwa hapohapo, uzito unatajwa kwa sauti, linaingia kwenye kisanduku chenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mwakilishi wa wachimbaji. Mgao wao ni asilimia ya mauzo, na risiti wanaiona. Wizi ulipungua kuliko ambavyo mlinzi yeyote angeweza kuupunguza.

Tunauza kwenye soko la madini. Mthamini yupo, mrabaha, yaani fungu la serikali kwenye madini, ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Wapo wenzangu wanaoona hayo ni makato, lakini kwangu zile risiti ndizo zilizofungua benki. Afisa mikopo hajui changarawe, anajua mauzo yaliyoandikwa kwa mfululizo.

Mistari miwili ilipoonyesha karati za kutosha kwa kila meta ya ujazo, nilipiga hesabu kwa bei mbaya, si kwa bei ya jiwe bora. Almasi zinazotengenezwa maabara zimeshusha soko, na mgodi unaosimama kwa bei nzuri pekee hautasimama. Hesabu ikakubali. Ekskaveta nilikodi kwa saa, ikatoa kifusi na kulundika changarawe wakati wa kiangazi. Mvua zikianza na maji yakipatikana, tunaosha. Nilichonunua ni pani ya kuzungusha, mtambo wa kuoshea changarawe, na pampu. Maji machafu yanakwenda kwenye mabwawa ya kutulizia, madogo na yenye kingo pana. Novemba 2022 bwawa la tope lilipasuka Mwadui likafunika nyumba na mashamba, na sisi tunaokaa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa tena.

Sasa tunaandaa ombi la leseni ya uchimbaji wa kati. Linahitaji upembuzi yakinifu na cheti cha mazingira, gharama ambayo tunaitenga kila tunapouza. Upande wa bondeni bado haujapimwa, na huko ndiko tutakakochimba mashimo ya majaribio kiangazi hiki, kwa sururu na koleo.