Mwale umetulia, saa tisa usiku

Nimetoka zamu sasa hivi na usingizi sina. Siku tatu tumekuwa tukipandisha mkondo wa elektroni kwenye pete yetu ya mita 100 hivi, yaani bomba la mviringo ambamo elektroni huzunguka kwa kasi kubwa, na kila tukikaribia kiwango tunachotaka, mwale unaanza kuyumba kisha unapotea wote. Elektroni husafiri kwa mafungu, na kila fungu huacha nyuma yake mawimbi ya umeme ndani ya bomba, na fungu linalofuata hupigwa nayo.

Mfumo wa mrejesho ulikuwa umewashwa muda wote! Kihisi hupima fungu limehama kiasi gani, kisha amplifaya hulipa teke dogo la kulirudisha. Lakini fungu huzunguka pete kama mara milioni 3 kwa sekunde. Teke letu lilichelewa nanosekunde 2 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), likawa linampata jirani asiye na kosa, yaani fungu linalofuata.

Tukapunguza ucheleweshaji, tukapandisha mkondo tena polepole. Mtikisiko kwenye skrini ukazama mbele ya macho yetu. Nilipiga kelele jamani! Kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwenye pete yao kubwa ya LHC ya kilomita 27, mafungu hufuatana kwa nafasi ya nanosekunde 25. Nawaheshimu sana wanaolinda mwale ule.