Kopo la vidonge la babu wa Mchinga

Kazi yenyewe ya kupima damu ilikuwa ya usiku, maana vijidudu vya matende na mabusha mchana vinajichimbia ndani huko kwenye mapafu, vinatoka kwenye damu ya vidoleni kuanzia kama saa nne usiku, muda ambao mbu nao wako kazini. Ukimpima mtu asubuhi unajidanganya tu. Ndo tukawa tumekaa uwanjani kwa mwenyekiti wa kitongoji kule Mchinga, Lindi, taa ya sola moja, msimu wa korosho watu wamechoka hoi, mwenzangu anatoboa vidole anapaka damu kwenye slaidi, mimi mwanafunzi nina dodoso langu lenye swali moja la maana, ulipata kingatiba, yaani vidonge vya kukinga ugonjwa huo, mwaka huu?

Wote wamepata. Nikawa natiki tu, nafurahi data nzuri.

Akaja babu mmoja, busha limemwelemea mpaka msuli hausitiri, akakaa kwenye kigoda taratibu. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu. Nikauliza swali langu, akaniuliza na yeye, "Kupata ndo kumeza?" Akamtuma mtoto ndani, akarudi na kopo la siagi. Lilikuwa limejaa vidonge jamani, vidogo vya aivamektini vimechanganyika na vile vikubwa vya albendazoli, vingine vimeshabadilika rangi, vya nyumba nzima vya miaka sijui mingapi.

"Wanakuja na fimbo yao wananipima kama mbao, wananihesabia vinne, wanaandika, wanaondoka. Mwaka wa kwanza nilimeza, nikawashwa usiku kucha na homa juu. Nani aliniuguza?"

Fimbo ni kweli, dozi ya aivamektini inakadiriwa kwa urefu kwa sababu mizani ya kuzunguka nayo vijijini ni shida, ukifika sentimita 159 vinne vinakuhusu. Na kuwashwa nako kweli, vijidudu vikifa kwa wingi mwili unapigana navyo, yaani ile homa ilikuwa dalili dawa imewakuta, ila hakuna aliyemwambia, akajua kapewa sumu.

Akataka kujua hiyo aivamektini imetoka wapi. Nikamsimulia Mjapani Satoshi Ōmura, udongo aliouchota karibu na uwanja wa gofu, bakteria wake wakapelekwa Marekani kwa William Campbell kwenye kampuni ya Merck, ikapatikana dawa, ikaanza kutibu wanyama, mwaka 1987 Merck wakasema kwa usubi (upofu wa mtoni) tutaitoa bure, baadaye na matende yakaingia, na hao wawili wakapata Nobel 2015. Babu alicheka, "udongo!" (yeye mpaka dakika ile anaamini busha lake limeletwa na madafu).

"Sasa nikimeza hili linaondoka?"

Hapana babu, hilo ni la kisu, dawa inaua vile vijidudu, ndo vitoto vya minyoo, ila minyoo mikubwa inaishi miaka ndani, ndo maana mnameza kila mwaka msiwaambukize wajukuu.

"Mngeanza na hayo," akasema, na akaniuliza operesheni inafanyika wapi.

Asubuhi nikamfuata supavaiza, nikamwambia tuongeze swali, alimeza mbele ya nani. Alinuna kwanza, madodoso yameshachapwa na bajeti imeisha, nikamwonyesha picha ya lile kopo kwenye simu, akaniangalia, akachomoa kalamu. Tukaandika kwa mkono pembeni, karatasi moja moja, mpaka saa sita mchana.