Starve si kufa tena

Neno la kila siku la Kiingereza la kufa, "die", yaelekea si la Waingereza wenyewe. Waliletewa na Waviking, wale watu wa Skandinavia waliovamia kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793, kisha wenzao wakaja kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, wakalima na kuoa huko huko. Kwao lilikuwa "deyja". Kwenye maandishi ya Kiingereza linaanza kuonekana karne ya 12. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na yao, "steorfan" na "sweltan".

Hayo mawili hayakufa, naomba radhi, yalipunguziwa kazi tu. "Sweltan" limejificha ndani ya "swelter", kutaabika kwa joto. "Steorfan" ndilo "starve". Mjerumani mpaka leo akisema "sterben" ni kufa tu, kwa maradhi, ajali au uzee. Mwingereza kalifunga kwenye njaa, ila huko kaskazini mtu aweza kusema yuko "starved" naye ameshiba vizuri. Analalamikia baridi.

Mimi haya nayafuatilia kwa sababu ya riziki. Nina steshenari hapa Tanga, na msiba ukitokea watu huja nichape tangazo, mara nyingi na nakala ya Kiingereza kwa ndugu walio nje. "Died" hawalitaki. "Mwanangu, weka lile la heshima," mama mmoja aliniambia, nikaweka "passed away". Kuna kijana alikuja na rasimu yake mwenyewe: baba yake "expired" Jumanne. Nikamwomba tulibadilishe, maana wateja wangu wanalijua kwenye dawa na pasipoti, ingawa India bado wanalitumia kwa watu. Kwa asili si neno baya hata kidogo. Ni Kilatini, "exspirare", kutoa pumzi. Jirani kabisa na kukata roho kwetu.

"Perish" nawaachia waandishi wa habari za meli kuzama. "Decease", lile la kwenye fomu, limetoka Kilatini "decedere", kuondoka, na Warumi nao walilisema hivyo wasitaje kifo. Kufariki kwetu ni Kiarabu, kutengana.

Linalonisumbua hasa ni marehemu. Letu lina dua ndani yake, aliyerehemiwa. Kiingereza kinanipa "the late" tu, na hakosi mteja wa kuuliza marehemu kachelewa wapi.