Ramani ya Afrika kwa maboksi: tumefika kwenye maziwa

Kwa wanaouliza mradi wangu wa ramani ya Afrika yenye milima na mabonde, ninayoijenga kwa matabaka ya maboksi juu ya plaiwudi, umefikia wapi: matabaka ya bara yameshagandishwa, vilele bado, na kazi ya sasa ni maziwa.

Vipimo ni vilevile. Sentimita 1 ni kilomita 80, kwa hiyo kutoka Tunisia hadi Rasi Agulhas, ncha ya kusini ya bara, ni kama mita moja. Kila tabaka la boksi lina unene wa milimita 2.5 nami nalihesabu kuwa mita 500 za mwinuko, yaani kimo kimekuzwa mara 40. Bila kukuza, Kilimanjaro na mita zake 5,895 isingefikisha hata milimita moja. Sasa itakaribia sentimita 3, imechongoka kama msumari. Sura yake si nzuri, lakini naikubali. Kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, nazitoa kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, kwa data za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000. NASA wanazitoa bure.

Tabaka la kwanza lilikatika haraka, maana pwani ya Afrika imenyooka, ghuba zake chache. Tabaka la pili lina uwazi mkubwa katikati: bonde la Kongo, ambalo sehemu kubwa iko chini ya mita 500 huku nchi za kandokando zimeinuka. Uwazi huo unatokea Atlantiki kwa mwanya mwembamba kati ya Kinshasa na Matadi. Hapo mto unashuka kama mita 270 ndani ya kilomita 350 hivi, maporomoko juu ya maporomoko, Inga ikiwemo. Kwangu ni sentimita 4 na ushee za kukata kwa wembe, pumzi umeibana. Ndiyo maana meli kutoka baharini huishia Matadi, na reli ya kulikwepa eneo hilo ikakamilika 1898.

Kuanzia tabaka la tatu, mita 1,000 kwenda juu, kaskazini na magharibi hubaki visiwa tu vya milima: Atlas, Ahaggar, Tibesti, milima ya Kameruni. Maboksi mengi yameishia Ethiopia, Afrika Mashariki na kusini.

Sasa maziwa. Uso wa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470. Toa hesabu: sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo haitoshi kutoboa maboksi. Lazima uingie milimita 3.5 kwenye plaiwudi ya chini, ambayo uso wake ndio usawa wa bahari, mfereji wa urefu wa sentimita 8 na upana wa milimita 6. Nikampelekea fundi seremala, mwenye patasi nyembamba. Akaangalia mchoro, akaangalia ubao.

“Bosi, unataka ziwa au unataka tundu?”

“Ziwa, fundi. Ila lenye kina.”

Amelichimba vizuri, kingo zimesimama wima kama zilivyo kweli. Nyasa nalo limeingia kwenye ubao, ila kwa milimita moja hivi, kwa sababu kina chake ni kama mita 700 tu, ingawa uso wake uko chini kuliko wa Tanganyika.

Victoria, ambalo ndilo kubwa kuliko yote barani, halikuhitaji patasi. Kina chake ni kama mita 80, sawa na milimita 0.4 kwenye ramani yangu. Rangi ya buluu inatosha! Lenyewe halimo ndani ya Bonde la Ufa. Limetuama kati ya mikono yake miwili. Zamani mito kama Katonga ya Uganda ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya upande huo ilipoinuka, maji yakakosa njia, yakarudi nyuma na kutandaa. Tanganyika na Nyasa, kinyume chake, yamekaa mahali ambapo ardhi yenyewe imedidimia kati ya nyufa.

Zimebaki sehemu zilizo chini ya bahari huku ni nchi kavu: Ziwa Assal la Djibouti, kama mita 155 chini, na bonde la Qattara la Misri, mita 133. Hazifiki milimita moja, nitazikwangua kwa msasa. Baadaye vilele, kisha milima ya Drakensberg ya Afrika Kusini, ambako ngazi sita za boksi lazima zijipange karibu na pwani ya Durban bila gundi kuvuja.