Safari ya chupa kutoka Mbagala

Andiko langu la kwanza la kuomba fedha za utafiti lilikuwa na kurasa kumi na nane. Majibu yalikuwa sentensi mbili: tatizo ni pana mno, na mbinu hazieleweki. Niliumia sana. Nilikuwa nimeandika juu ya maji salama na afya ya jamii Dar es Salaam, jiji zima, kuanzia mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Kinondoni Agosti 2015 hadi mafuriko ya Jangwani.

Nikalipeleka kwa dada mmoja niliyewahi kukusanya naye takwimu. Hakusoma utangulizi. Alifunua bajeti, akaweka kidole palipoandikwa "Usafiri: 500,000/=".

"Usafiri wa nani?"

"Wa sampuli, dada."

"Kutoka wapi mpaka wapi? Kwa chombo gani? Saa ngapi?"

Nikanyamaza. Maji ya kupima vimelea hayasubiri. Chupa hukaa kwenye barafu, na inafaa ifike maabara ndani ya saa sita hivi. Ikichelewa, unachopima si kile ulichochota. Na mimi nimekulia Mbagala, foleni ya Barabara ya Kilwa naijua tangu shule, lakini safari ile sikuwa nimeifikiria hata mara moja.

Tangu siku hiyo bajeti naiandika kwanza, utangulizi mwisho. Wengi hufundishwa kuanza na mapitio ya machapisho, na sibishani nao. Ila mimi nilipoorodhesha barafu, boksi la kubebea chupa, bodaboda, posho za wadodosaji, ada ya kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kazi ya kutafsiri fomu ya ridhaa, swali lenyewe likaanza kupungua upana. Fedha zilitosha kaya 60 za mtaa mmoja. Basi nikauliza jambo moja: maji ya kununua yanachafukia wapi? Bombani, kwenye dumu la muuza maji, au kwenye ndoo ya nyumbani ambamo kila mtu anatumbukiza kikombe? Mama alikuwa akitugombeza kila siku kwa kikombe hicho, na katika kurasa zile kumi na nane sikuwa nimemkumbuka.

Barua za utambulisho, za mkoa, wilaya, kata hadi serikali ya mtaa, nilizipangia wiki moja. Dada alifuta, akaandika miezi miwili.

Andiko jipya lina kurasa saba na bado halijatumwa. Jumamosi saa moja asubuhi nitatoka Mbagala na chupa tatu, barafu na kipimajoto, nipande bodaboda hadi maabara. Muda nitakaoupata ndio nitakaouandika kwenye sehemu ya mbinu.