Ile chupa ya sponji haikuwa sponji

Kwa maabara ya shule ninayofundisha hapa Kisumu kuna chupa imekaa shelfuni kabla hata sijaajiriwa, lebo yake imeandikwa SPONJI, SHIMONI. Ndani kuna kitu kama kijungu, saizi ya kidole gumba, juu kina tundu moja kubwa. Kila mwaka nilikuwa naionyesha darasa, sponji ndiyo hii, tunasonga.

Muhula huu msichana mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, mwalimu, mbona hivi vitundu vidogo vya pembeni vina meno? Nikachukua lenzi nikaangalia na kweli, kila kitundu kina ncha sita kama kinyota. Tundu la sponji halina hiyo kitu. Hapo nikajua hii ni asidia (kwa Kiingereza sea squirt), wanyama wengi wanaishi ndani ya kanzu moja, yaani ngozi nene ya pamoja, kila mmoja ana mdomo wake, anavuta maji, anachuja chakula, halafu maji machafu ya wote yanatokea lile tundu kubwa la juu. Tena ni jamaa zetu wa karibu kuliko sponji, wana moyo, na mtoto wao anaogelea na mkia wenye notokodi, kile kijiti laini cha kutegemeza mgongo, kabla hajajibandika kwa mwamba.

Jumamosi nikakata kipande na wembe nikaweka chini ya hadubini. Kila mnyama ni kama milimita moja hivi, kifua huku tumbo kule, katikati kiuno chembamba. Kifuani kuna safu za mianya, nikahesabu nikarudia, nne. Zingekuwa tatu ningesema ni jenasi ya Trididemnum. Shida ikaja kwa vijiwe, asidia wengi wa familia hii huwa wana vijiwe vidogo sana vya chokaa kwa kanzu na mimi sikuona hata kimoja, kwa hivyo nikakaribia kuandika Diplosoma, jenasi nyingine ya familia hiyo, maana huyo ndiye hana. Lakini nikaangalia korodani, na ule mrija wa mbegu ulikuwa umeizunguka mara kadhaa, umejikunja kabisa kama kamba ya pia kabla mtoto hajairusha. Kwa Diplosoma mrija huo huwa umenyooka. Huyo ni Didemnum bana.

Sasa vijiwe vilienda wapi? Ni fomalini, ile dawa ya kuhifadhia iliyo ndani ya chupa. Ikikaa miaka bila kuwekewa boraksi, chumvi ya kuzuia uasidi, inageuka asidi, na asidi inakula chokaa polepole mpaka iishe. Hii iliniuma sana kwa sababu ni kielelezo kizuri na sisi wenyewe ndio tumekifuta nusu ya ushahidi.

Ndugu yangu alishaenda kisiwa cha Wasini, karibu na Shimoni, akapiga picha chini ya maji, nikamwomba anitumie. Vijungu vilevile, vyeupe vimechanganyika na kahawia, na ukichungulia lile tundu la juu ndani ni kijani kibichi, hiyo ni bakteria inaitwa Prochloron inayoishi humo ikitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kwa umbo hilo na rangi hiyo ni Didemnum molle, aliyeelezwa na mwanazoolojia William Herdman mwaka 1886, ingawa yeye alimweka kwa jenasi nyingine. Molle ni Kilatini, maana yake laini.

Kipande nimehamishia kwa spiriti, na lebo mpya ameandika yule msichana. Ukienda pwani usikate kitu, piga tu picha mbili, moja ya nje na moja ya ndani ya lile tundu.